Kete za Toleo la Mwisho

Waliolia zaidi kwenye msiba wa jarida letu ndio hao hao waliolinyonga. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nitasimulia kwa upole. Upole niliuacha Milwaukee, kwenye ukumbi wa maonyesho, na sijarudi kuuchukua.

Jarida liliitwa Pembesita. Tulilianzisha hapa Sheboygan, jimbo la Wisconsin, mimi na mume wangu Denny, tukiwa bado vijana na yeye akiwa bado na nywele. Ndani ya kila toleo, pamoja na makala, kulikuwa na mchezo mzima wa vita: ramani ya kukunjua mezani iliyogawanywa kwa vijumba vya pembe sita, kijitabu cha kanuni, na kadi ngumu yenye kete ndogo za mraba. Kila kete ni kikosi cha askari, na namba mbili zimechapwa sehemu yake ya chini. Unazibandua kwenye kadi kwa kidole, unazipanga juu ya ramani, unatupa dadu, na wewe na mwenzako mnapigana Waterloo au Gettysburg upya mpaka mke wa mmoja wenu aje kuuliza kama hamna makwenu. Denny alibuni michezo, mimi niliandika kanuni. Alipofariki nikafanya vyote viwili, na mdogo wake, Gordy Haugen, akawa mwenye jarida, yaani mwenye kusaini na kulalamika.

Kuandika kanuni si mchezo. Ukiacha upenyo, kuna mtu huko Iowa atapitisha humo jeshi zima la farasi. Ndiyo maana kila Jumanne mchana nilikaa kwenye simu. Namba ilichapwa nyuma ya jarida, na msomaji aliyekwama alipiga kuuliza. "Mama, farasi wangu wakishavuka kijito wanaruhusiwa kushambulia, au wamemaliza?" "Mama, mimi na shemeji yangu tunakaribia kushikana mashati hapa, hebu tuamulie." Nyuma ya sauti hizo nilisikia meza, dadu, na mtu akilaani. Enzi hizo simu ilikuwa haipumui, na kahawa yangu ilipoa kila Jumanne.

Kadiri miaka ilivyokwenda, simu zikapungua. Zikaja Jumanne ambazo haikulia kabisa. Nami, mjinga mkubwa, nikavimba kichwa. Nikajiambia: Arlys, sasa umeiva, kanuni zako zimenyooka mpaka hakuna wa kuuliza. Nilimringia Gordy. Nilimringia hata Denny kaburini.

Aliyebaki kupiga bila kukosa alikuwa Leland Prochnow wa Fond du Lac, mwalimu mstaafu, na yule hakuwa akiuliza. Alikuwa akishtaki. Vifungo vya makoti ya askari wa Prussia vimechorwa vya dhahabu, vilikuwa vya shaba. Jina la kanali limekosewa. Daraja limewekwa upande usio wake.

"Mama Haugen, hivi historia ulisomea wapi? Jikoni?"

"Ndiyo. Jikoni kwa mama yako, nilipokuwa nasubiri supu."

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, toleo baada ya toleo. Nilimchukia kwa moyo mmoja. Nikisikia sauti yake, hata mgongo uliacha kuniuma, maana hasira ilikuwa imechukua nafasi yote.

Sasa basi. Ijumaa moja Gordy alinialika baa tule samaki wa kukaanga kama kawaida ya Ijumaa, akaniagizia na brandi kabla sijaketi. Nikajua kuna jambo. Gordy si mtu wa kuagizia mtu kitu.

"Shemeji," akasema, "toleo lijalo ndilo la mwisho."

"La mwisho kivipi?"

"La mwisho la mwisho. Maduka ya michezo yamefungwa. Yaliyobaki yanauza kadi za watoto na soda. Watu wanasoma kila kitu kwenye simu, tena bure."

"Na kete watazibandua kwenye simu?"

"Usinianze, Arlys."

"Nimeshakuanza. Umemwambia kaka yako?"

"Kaka yangu amekufa."

"Nenda kaburini ukamwambie. Mimi sitakubebea."

Alikula samaki wake na wa kwangu. Mimi nilirudi nyumbani, nikatoa kwenye kabati mchezo ambao Denny alikuwa ameuacha nusu, wa vita vya Brandywine, Waingereza wa makoti mekundu dhidi ya Wamarekani wa makoti ya bluu. Kama ni kufa, jarida litakufa na mchezo wa Denny ndani yake. Niliumaliza mwenyewe. Niliucheza peke yangu, nikizunguka meza kutoka upande hadi upande kama kichaa, mpaka kila kanuni ikasimama.

Lazima nieleze kwa nini nilihangaika hivyo. Hakuna mchezo wa vita uliowahi kutoka bila kosa, na sisi tulikuwa na desturi yetu: kosa la toleo hili tulilisahihisha kwenye toleo linalofuata, kwenye kisanduku maalumu ukurasa wa mbele, na msomaji akakisoma hicho kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo iliyotulaza usingizi. Safari hii hakukuwa na toleo linalofuata. Kosa lolote lingebaki milele na jina la Denny juu yake. Nilitaka mtu mmoja, popote alipo, aucheze mchezo huo mpaka mwisho bila kukwama. Sikuwa naomba zaidi ya hapo.

Nakala zilipofika, wasomaji walikuwa wameshatumiwa zao moja kwa moja kutoka kiwanda cha uchapaji. Nikafungua yangu, nikabandua kete, nikaanza. Kete ina pande mbili: mbele kikosi kizima, nyuma kikosi hicho hicho kikiwa kimepunguzwa. Kikipigwa, unakipindua. Waingereza wangu wakapigwa kwenye kivuko, nikapindua kete nyekundu.

Ikatokea ya bluu.

Nikapindua nyingine. Bluu. Nikapindua Mmarekani, akawa Mwingereza. Kiwandani walikuwa wamegeuza kadi vibaya wakati wa kuchapa upande wa nyuma. Mimi niliwapa karatasi sahihi, ninazo mpaka leo. Lakini kiwanda kilikuwa Illinois, kwa majirani tusiopikika nao chungu kimoja, na mtu wa Wisconsin anayetegemea Illinois anajitakia mwenyewe. Vita vizima vilikuwa upuuzi. Kila askari aliyejeruhiwa alihamia kwa adui.

Nilimpigia Gordy simu, na sitaandika hapa nilichokisema kwanza. Nilipotulia akaniambia kiwanda kimekubali kosa na kitachapa upya kadi za kete.

"Lakini sitamtumia kila mtu, shemeji. Atakayelalamika tutamtumia. Asiyelalamika, amani."

"Watalalamika wote! Watatuchoma moto!"

"Basi utakuwa na kazi ya kufanya."

Sanduku la kadi mpya likaja nyumbani kwangu. Nikaliweka karibu na simu, nikatayarisha bahasha na maneno ya kuomba radhi. Jumanne ikafika. Nilikaa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Simu haikulia. Jumanne iliyofuata nayo ikapita hivyo hivyo. Baadaye ikalia, na moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Alikuwa Leland Prochnow.

"Mama Haugen. Nimeona jarida lako."

"Najua," nikasema. "Sema. Nimekaa."

"Ile bendera ya Waingereza kwenye jalada. Ilikuwa bado haijapitishwa siku ya vita vile. Aibu, kwa toleo la mwisho."

Nikangoja. "Na jingine?"

"Hilo halitoshi?"

Nikakata simu. Nikajidanganya kwamba wananistahi. Nikasema, watu wa mchezo huu wana midomo michafu lakini mioyo yao mizuri; wameona kosa, wameona ni msiba, wameamua kunyamaza. Jamani, mtu akitaka kujidanganya hakosi kamba ya kujifunga.

Ndipo yakaja maonyesho ya wapenda michezo ya vita, kule Milwaukee. Gordy alipanga meza yetu karibu na mlango, akatundika bango lenye maneno KWAHERI PEMBESITA, akapanga nakala zilizobaki za toleo la mwisho, kila moja ndani ya nailoni yake. Mimi nilikuja na sanduku langu la kadi sahihi, nikalisukuma chini ya meza.

Waombolezaji wakaja. Mungu wangu, walivyokuja! Wanaume wenye ndevu nyeupe na fulana za vita, wamebeba soseji kwenye mkate na haradali ikiwachuruzika, wananishika mkono kama mjane kwa mara ya pili.

"Mama, jarida lako ndilo lililonilea."

"Mara ya mwisho kulinunua lini?"

"Ah... nilikuwa nalipia kwa mwaka, halafu tukahama nyumba."

"Mlihama lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani kidogo. Basi na wewe lia kidogo, usimalize machozi."

Gordy akanikanyaga mguu. Akaja mwingine, wa kofia ya timu ya Green Bay, akasema yeye hajawahi kukosa hata toleo moja, na hili la mwisho amenunua nakala tatu. Nikafurahi, nikamvuta karibu.

"Umeucheza?"

"Nini?"

"Mchezo. Brandywine. Umeonaje kete?"

Akacheka kwa adabu, vile mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza swali la aibu. "Mama, ukishabandua kete thamani imekwenda. Zangu zote ziko kwenye nailoni, chumba cha chini, hakuna unyevu. Mke wangu haruhusiwi hata kufagia mle."

Nikamuuliza aliyekuwa nyuma yake. Naye hivyo hivyo. Nikamuuliza wa nyuma ya huyo. Yeye alikuwa amebandua kete za mchezo mmoja miaka mingi iliyopita na bado anajuta, anasema angejua asingefanya. Nilikuwa naelewa kitu, na sikutaka kukielewa.

Na nani afike wakati huo? Leland Prochnow. Sikuwahi kumwona uso kwa uso, lakini sauti niliijua. Alikuwa mfupi, shati limefungwa hadi koo, na ameshika nakala yake mbele ya kifua, ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya nailoni nyingine.

"Mama Haugen. Naomba saini. Hapa juu, usibonyeze sana."

"Hukuifungua?"

"Kuifungua? Mimi si mshenzi."

"Bendera uliionaje?"

"Jalada si linaonekana?"

Hapo ndipo nilipoiacha ile adabu ndogo niliyokuwa nayo. Nilimpokonya. Nikachana nailoni ya kwanza, nikachana ya pili, kwa meno pale ilipokataa. Leland alipiga ukelele ambao watu wa meza ya pili wanausimulia hadi leo.

"Mama! Mama! Unafanya nini? Gordy, mzuie shemeji yako!"

"Mzuie wewe," Gordy akasema. Alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa.

Nilitoa kadi, nikaitandika mezani, nikaanza kubandua kete, moja, nyingine, nyingine, zikidondoka mezani mbele ya umati. Mzee mmoja alifumba macho. Nikainua kete nyekundu juu.

"Mnaiona? Huyu nani?"

"Mwingereza," wakajibu wachache.

Nikaipindua. "Na sasa?"

Shingo zikanyooka kuitazama ile bluu.

"Zote ziko hivi! Zote! Mchezo wa mwisho, mchezo wa mume wangu, hauchezeki! Kosa kubwa kama ng'ombe, na hakuna hata mmoja wenu aliyeliona! Nimekaa kwenye simu nikisubiri matukano yenu. Nani hapa amebandua kete? Anyooshe mkono!"

Hakunyoosha mtu. Na pale pale nikaona maisha yangu vizuri kuliko nilivyopenda. Simu ile ya Jumanne haikunyamazishwa na ufasaha wangu. Ilinyamaza kwa sababu hakuna aliyekuwa akicheza. Miaka yote ile nilikuwa naziba mianya kwenye kanuni ambazo zilikwenda kulala kwenye vyumba vya chini, pamoja na mashine za kufulia. Gordy hakuliua jarida. Alifumba macho ya maiti tu.

Niliwaona wakitazamana, nikadhani wameona haya. Nikadhani sasa mmoja ataomba radhi. Yule wa kofia ya Green Bay akasogea, akaichukua kete, akaipindua mara mbili.

"Ngoja. Nakala zote zina kosa hili?"

"Zote."

"Na jarida ndio limekufa? Hakuna kuchapa tena?"

"Limekufa."

Akamgeukia Gordy. "Nipe tano. Kitu adimu hiki, bei itapanda."

"Mimi pia tano!" akadakia mwingine.

Mlango wa kuzimu ukafunguka. Watu waliokuwa wananililia wakanipita kama nguzo. Walikanyagana. Soseji ikaanguka ikakanyagwa, mzee wa macho yaliyofumba akayafumbua akatia kiwiko. Gordy alikuwa anatoa nakala kwa mikono miwili, uso unang'aa kwa mara ya kwanza tangu kaka yake azikwe.

"Shemeji, ubarikiwe!" akanipigia kelele. "Kwa nini hukusema mapema?"

Mmoja aliinama chini ya meza, akaona sanduku. "Hizi ni nini? Kadi sahihi? Hazijabanduliwa? Tuuzie, kosa na sahihisho pamoja, seti kamili!"

Nikalikalia lile sanduku. "Atakayeligusa nitambandua vidole," nikamwambia, na uso wangu ukamwambia mengine.

Meza ilipobaki tupu wakaondoka, kila mmoja amekumbatia nailoni yake. Gordy akaenda kutafuta bia ya kusherehekea. Leland Prochnow peke yake alikuwa bado amesimama, ameshika jarida lake lililovuliwa nailoni. Hakuwahi hata kunyoosha mkono kununua jingine.

"Umeliharibu," akasema. "Halina thamani tena. Unajua hilo?"

"Najua. Basi kaa tucheze."

"Hapa?"

"Unaogopa mwanamke wa jikoni?"

Akaketi. Alikuwa amekunja uso kiasi kwamba miwani ilipanda juu ya nyusi. Nikatoa kadi moja kwenye sanduku, nikabandua kete zote, nikakunjua ramani yake. Yeye akachukua Waingereza, na lazima niseme ukweli, alizipanga kete zake kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kila kikosi alikijua, kanali wake, kilikotoka, aliyeuawa wa kwanza na alizikwa wapi. Hakutazama kitabu hata mara moja. Alitaja mpaka majina ya farasi. Nikajisemea, leo nimempata mtu wa kunifunga, na nikaona ni sawa, afadhali nifungwe na adui yangu kuliko mchezo ubaki bila kuchezwa.

"Haya," nikasema. "Wewe ndiye unayeanza. Shambulia."

Akachukua dadu, akazishika. Akatazama kete yake, akatazama ya kwangu. Akatazama tena ya kwake. Masikio yalianza kuwa mekundu.

"Tupa basi."

"Natupa."

"Mbona hutupi?"

Akainama kwangu, akashusha sauti ili wa meza ya pili wasisikie. "Hizi namba za chini kwenye kete. Ya kushoto. Ni ya nini?"

Kwa mchezo wetu hilo ni kama mtu kukaa kwenye bao akauliza shimo ni lipi. Mtoto wa miaka minane huliuliza siku ya kwanza, na harudii tena. Nilikuwa na akiba ya matusi ya miaka mingi kwa ajili ya mtu huyu, na sasa amejileta mwenyewe mezani, ameketi, kifua wazi.

"Leland. Wewe hujawahi kucheza."

Akazigeuza dadu kiganjani.

"Hata mmoja? Miaka yote hii unanitukana kwa ajili ya vifungo, na hujawahi kucheza hata mmoja?"

"Niliwahi kujaribu. Ule wa kwanza kununua. Nilikwama."

"Na simu? Namba ilikuwa nyuma ya jarida! Nilikuwa nakaa pale kwa ajili ya watu kama wewe! Ulikuwa unanipigia kila toleo, kwa nini hukuuliza?"

"Nilipiga nikitaka kuuliza," akasema, anaiangalia kete. "Ukapokea kwa sauti ile yako. Nikaona aibu, nikasema kitu kuhusu vifungo. Ungenicheka."

Nilitaka kumbishia, lakini ningemcheka kweli, tena ningemsimulia Denny, tukacheka wote wawili mpaka chakula cha jioni.

Basi nikamwambia kwamba ya kushoto ni nguvu ya kushambulia, na ya kulia ni mwendo, na atupe hizo dadu kabla sijabadili mawazo.